Njozi Zilizoandikwa Katika Njia ya Ujiji

Mwanzoni mwa Januari mwaka 1869, katika nchi ya Marungu iliyo magharibi ya Ziwa Tanganyika, Mskochi mmoja aliyekwisha kulowa mvua mara zisizo na hesabu, na ambaye mvua ya mwisho ilimwingia kifuani ikageuka maradhi ya mapafu, alikuwa akikohoa usiku na mchana, akitema makohozi yenye damu na rangi ya kutu, wala hana dawa ya kujitibu, kwa kuwa sanduku lake la dawa lilikwenda na watoro miaka miwili kabla, katika mwezi kama huo huo wa Januari. Katika hali hiyo David Livingstone alitwaa kitabu chake cha safari akaandika mambo ambayo mtu mwenye siha yake angeona haya kuyaandika. Aliandika kwamba fikira zilimjia mbio, mbili mbili na tatu tatu. Kwamba kila alipotazama kipande cha mti aliona gome lake limejaa maumbo na nyuso za watu, na hata alipogeuza macho kisha akarudi kutazama mahali pale pale, nyuso zile zilikuwa zingalipo. Na kwamba alijiona yeye mwenyewe amelala maiti katika njia ya kwenda Ujiji, na barua zote alizotumaini kuzikuta huko zimekuwa kazi bure.

Mwenye kushika mizani ya maneno aweza kusema kuwa hayo yalikuwa maweweseko ya homa, si ndoto ya usingizi. Na iwe hivyo. Lakini wazee wa pwani na wa bara hawakuweka ukuta mnene baina ya kinachoonekana usingizini na kinachoonekana katika homa, na kwa mwanahistoria jambo lililo kubwa ni kuwa mtu yule, akiwa hajui kama ataliona jua la kesho, alikiandika alichokiona, akakitia tarehe, akakiacha bila ya kukifasiri. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi desturi ya kuandika njozi ilivyopita katika njia hii ya Ujiji na katika nchi jirani, na kuonyesha kwamba faida yake haikuwaendea sana wale waliotaka kujua kesho kuna nini, bali ilikuwa fungu la wale waliotaka kujua, au waliotujulisha sisi bila ya kukusudia, wao wenyewe ni watu gani.

Nafsi mbili katika homa moja

Livingstone hakuwa msafiri wa kwanza kuingia njia hii na kutokewa na mambo ya ajabu kitandani. Tangu karibu mwaka 1840 wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Mrima walikuwa wamekwisha kufika Ujiji, na mji ukawa kituo cha pembe na watumwa, cha chumvi ya Uvinza na mafuta ya mawese, ambako misafara ya kutoka Bagamoyo na Unyanyembe ilipumzika kabla ya kuvuka ziwa kwenda Manyema. Richard Burton na John Hanning Speke waliishika njia hiyo katikati ya mwaka 1857, na hata kabla ya kufika mbali, katika nchi ya Wakhutu, Burton aliangushwa na homa iliyomshika kiasi cha siku ishirini. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860 alieleza kwamba wakati wa homa ile, na hata saa nyingi baada ya kupoa, alikuwa na yakini ya ajabu kuwa yeye si mtu mmoja bali ni wawili, na wawili hao hawakupatana, kila mmoja akimpinga mwenziwe. Na kwamba katika mikesha yake aliona wanyama wa kutisha, na wanawake mfano wa wachawi, na watu ambao vichwa vyao vilichomoza vifuani.

Burton aliyaeleza haya kama tabibu aelezavyo dalili za ugonjwa, akapita. Lakini msomaji akumbukaye kwamba mtu huyu huyu miaka minne kabla, yaani mwaka 1853, alikwenda Makka na Madina katika mavazi na jina lisilo lake, na kwamba muda mrefu wa maisha yake aliishi kwa kuvaa sura za watu wengine, hawezi kuisoma habari ya nafsi mbili zinazopingana akaiona kuwa ni dalili ya homa tu. Homa ilichemsha kilichokuwamo chunguni. Wawili hao waliwasili Ujiji mwezi wa Februari 1858, Burton miguu haimchukui, Speke macho yamemfunga kwa ugonjwa hata ziwa walilolitafuta kwa taabu zote zile lilikuwa kwake mfano wa ukungu.

Elimu ya taabiri

Wageni hao hawakuikuta Ujiji tupu katika jambo la ndoto. Katika baraza za Waislamu, ambazo ziliongezeka kadiri misafara ilivyoongezeka na ambazo baadaye zilipata nguvu mpya kwa tarika ya Kadiria iliyoifuata njia ile ile kutoka pwani, ndoto ilikuwa na elimu yake, yenye adabu na mipaka. Kila mtoto aliyepita chuoni alikijua kisa cha Nabii Yusuf, aliyeota nyota kumi na moja na jua na mwezi, akaaswa na babaye asiwahadithie nduguze. Na kila aliyekaa kwenye darasa alisikia kwamba njozi njema ni fungu moja katika mafungu arubaini na sita ya utume, kwamba mtu aotaye jema asimweleze ila ampendaye, na kwamba aotaye baya ajikinge kwa Mwenyezi Mungu, ateme upande wa kushoto mara tatu, ageuke ubavu mwingine, wala asimwambie mtu.

Imamu wa elimu hiyo katika fikira za watu ni Muhammad bin Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 110 wa Hijra, yaani karibu mwaka 729 wa Miladia. Vitabu vingi vya taabiri vinavyouzwa kwa jina lake vilikusanywa na wengine baada yake, lakini visa vyake vimedumu midomoni, na kimoja kinafaa kuhadithiwa hapa kwa sababu kinagusa kiini cha mambo. Husimuliwa kwamba watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walimwendea wakasema wameota wanaadhini. Mmoja akambashiria hija. Wa pili akamwambia kuwa atashikwa kwa wizi. Wanafunzi walipostaajabu, akawajibu kwamba alimtazama yule wa kwanza akaona alama za wema, akamtazama wa pili akaona alama za uovu. Ndoto ilikuwa moja, lakini waotaji hawakuwa wamoja. Na mwalimu huyo, anayehesabiwa kuwa bingwa wa kutazama mbele, kwa kweli alikuwa akimtazama mtu aliyesimama mbele yake.

Huko Baghdad, katika karne ya kumi na moja, elimu hiyo ilizaa kitu kingine tunachokitafuta. Mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali, Abu Ali ibn al-Banna, aliandika kwa mkono wake kitabu cha siku kwa siku, ambacho sehemu yake ya miaka ya 1068 na 1069 imesalimika na ilichapishwa na George Makdisi katika miaka ya 1956 na 1957. Ndani yake, pamoja na habari za vifo, ugomvi wa wanavyuoni na mambo ya mji, zimo ndoto: zake mwenyewe, na zile alizoletewa na watu ili awafasirie, kila moja katika tarehe yake. Huu ni ushahidi kwamba kuziandika njozi kwa tarehe si jambo lililoletwa na madaktari wa Ulaya wa juzi, bali ni kazi iliyofanywa na Mwislamu mwenye kalamu miaka mia nane kabla ya Livingstone kuugua Marungu.

Kwa Waha na Watongwe, wenyeji wa nchi yenyewe, mwenye kuulizwa alikuwa mfumu, yaani mganga, na ndoto ilichukuliwa aghalabu kama salamu au malalamiko ya mizimu ya wazee, ambayo hujibiwa kwa tendo, si kwa kuandikwa.

Barua zilizochelewa

Sasa na tuirejee ile njozi ya Marungu tuone iliishiaje, kwa maana faida ya tarehe ni kwamba yaliyoandikwa yaweza kupimwa na yaliyotukia. Livingstone hakufa njiani. Mfanyabiashara Muhammad bin Gharib, aliyekuwa akienda njia moja naye, alimhurumia, akamletea mtu wa kumwumika kifuani, akaagiza achukuliwe kwa machela, jambo ambalo Livingstone aliandika kuwa halijampata maishani mwake. Na hivyo, akipandishwa na kuteremshwa milima huku jua likimchoma uso, akafika ufukwe wa ziwa tarehe 14 Februari, na kwa mitumbwi akafika Ujiji tarehe 14 Machi 1869. Katika vitu alivyowekewa pale, gora 62 za nguo katika 80 zilikuwa zimeibiwa, na shanga zake zilizo bora karibu zote. Aliketi akaandika barua zipatazo arubaini, akazitoa zipelekwe pwani, zikapotea.

Mwezi wa Julai mwaka huo akavuka tena kwenda Manyema, na huko alikaa zaidi ya miaka miwili, hata karatasi ikamwishia, akawa anaandika juu ya gazeti kuukuu la London, mistari yake ikikata mistari iliyopigwa chapa, kwa wino alioukamua katika mbegu za mzingefuri. Wino huo ulififia hata ikawalazimu wataalamu wa zama zetu kuzipiga kurasa hizo picha kwa mianga ya namna mbalimbali ili zisomeke. Msomaji na aitie akilini picha hiyo ya ufukara wa karatasi, kwani mtu ambaye kila kipande cha karatasi kwake ni mali haandiki upuuzi ila awe ameona kuwa si upuuzi.

Aliporejea Ujiji tarehe 23 Oktoba 1871 alikuta mali yake ya pili, aliyoletewa kutoka pwani, imeuzwa yote na Sherifu, mtu aliyeaminiwa kuilinda. Livingstone ameandika sababu aliyopewa: Sherifu alitazamia kwa Msahafu, akaona kwamba mwenye mali amekwisha kufa. Hapa historia imetuwekea mambo mawili yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa roho. Miaka karibu mitatu kabla, mgonjwa alijiona maiti njiani, akaandika bila ya kutaka kitu. Na sasa mtu mzima wa afya anaona maiti ile ile kwa kutazamia, na maono yake yanampa ruhusa ya kuuza nguo. Kwa hiyo mwenye hekima, kila aletewapo tafsiri ya ndoto au ya fali, huuliza kwanza ni nani atakayefaidi ikiaminiwa.

Siku chache baadaye aliingia Ujiji mwandishi wa magazeti Henry Stanley, aliyekuja kumtafuta. Pamoja naye alikuwamo mchukuzi mmoja ambaye Stanley anamtaja kwa jina la Kaif Halek, naye mkononi ana mfuko wa barua za Livingstone, umefungwa na kuandikwa juu yake tarehe 1 Novemba 1870. Mfuko huo ulitoka Unguja, ukalala Bagamoyo miezi zaidi ya mitatu, ukalala tena Unyanyembe, ukawa umechukua mwaka mzima kufika mahali ambapo msafara wenye haraka huchukua miezi michache. Livingstone aliupokea akauweka magotini, akaufungua, akatoa barua moja mbili za watoto wake akazisoma, uso ukamng'aa. Kisha akaziweka zilizobaki kando, akamwambia mgeni wake kuwa amengoja barua miaka, basi saa chache zaidi hazimdhuru, na ampe kwanza habari za dunia.

Akiisoma njozi ile kama utabiri, mtu atasema imekosa nusu na kupata nusu: mauti hayakuwa, lakini barua zilikuwa kweli kazi bure kwa muda mrefu. Hesabu ya namna hiyo haina tija. Lakini akiisoma kama habari ya nafsi, ataona jambo ambalo katika kurasa zote zilizojaa vimo vya milima na mikondo ya mito halikusemwa waziwazi. Kilichomtisha mtu yule hakikuwa kifo, kwa kuwa alikwisha kukikabili mara nyingi. Kilichomtisha ni barua kufika akawa hayupo wa kuzisoma. Alikuwa mjane tangu mwaka 1862, mwanawe Robert alikufa katika vita vya Marekani mwaka 1864, na mwenyewe anaandika mahali pale pale kwamba alipowakumbuka watoto na rafiki, mistari ya utungo ilimzunguka kichwani bila ya kukoma. Dunia ilimjua mtafuta chemchemi za Nili. Maono ya homa yalimjua baba anayengoja barua.

Mikononi mwa Susi na Chuma

Ukurasa ule usingalitufikia lau si uaminifu wa watu wawili ambao majina yao hutajwa kwa haraka mno. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwanzoni mwa Mei 1873, Abdulla Susi na James Chuma, pamoja na wenzao, waliuchukua mwili wake na makaratasi yake yote mwendo wa miezi hata Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mwili ulizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili mwaka huo. Horace Waller alipoyatengeneza makaratasi yale kuwa kitabu, kilichochapishwa mwaka huo huo wa 1874, Susi na Chuma walikuwako Uingereza wakimsaidia kwa kumbukumbu zao za njia na za watu. Kwa hiyo njozi hii ya njia ya Ujiji, iliyoandikwa na mkono wa Mskochi, ilibebwa kwa vichwa vya Waafrika, na sisi tunaoisoma tuna deni kwa pande zote mbili.

Jung na mzee wa Elgon

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ndoto ziliingia katika maofisi. Sigmund Freud wa Vienna alikwisha kutoa kitabu chake cha kufasiri ndoto mwishoni mwa mwaka 1899, kikiwa na mwaka 1900 juu ya jalada, na sehemu kubwa ya mifano yake aliitoa katika ndoto zake mwenyewe alizoziandika. Katika miaka ya 1920 mwanachuoni wa mila za watu, Charles Seligman wa London, aliwaomba maofisa na wamisionari waliokuwa katika makoloni ya Waingereza wamkusanyie ndoto za wenyeji, ili ajue kama binadamu wote huota aina moja ya ndoto, kama vile kuruka angani au kung'oka meno. Ndoto za mtawaliwa zikawa zaandikwa na mtawala wake, na ni wazi kwa kila mwenye akili kuwa mtu hawezi kumfungulia kifua yule anayemdai kodi.

Mswisi Carl Gustav Jung alilikuta jambo hilo ana kwa ana. Alishuka Mombasa tarehe 12 Novemba 1925, akiwa na miaka hamsini, na kwa treni na motokaa na miguu akafika Mlima Elgon, ambako alikaa na watu wa huko akizungumza nao kwa Kiswahili cha kuokoteza. Kila alipowauliza habari za ndoto zao walikwepa. Hatimaye mzee mmoja, mganga mwenye joho la ngozi za kima, alimweleza huku macho yakimlenga machozi kwamba zamani waganga waliota, wakajua kama vita vinakuja, au maradhi, au mvua, na wapi wapeleke ng'ombe. Lakini tangu Wazungu walipoingia hakuna aotaye tena, maana ndoto hazihitajiki, Mwingereza ajua yote.

Maneno hayo yamekaririwa sana kuwa ni maombolezo ya mila iliyokufa. Yaweza pia kusomwa namna nyingine, na anayeijua adabu ya kutomhadithia ndoto asiyekupenda hatashangaa: mzee alikuwa akieleza siasa. Ambapo Bwana Shauri, yaani ofisa wa serikali ya kikoloni, ndiye aamuaye ng'ombe walishwe wapi, ndoto ya mganga haina tena mahali pa kufanyia kazi. Lakini hakuna aliyesema kwamba watu waliacha kuota kwa habari ya nafsi zao. Hilo Jung hakuambiwa, wala hapakuwa na sababu ya kumwambia.

Yeye mwenyewe, aliyekuwa akiziandika njozi zake katika daftari tangu mwaka 1913, alitambua katika safari hiyo jambo lililomtia fedheha. Ndoto zake zote Afrika zilikuwa za nyumbani kwao. Alipokuja kumwona mtu mweusi ndotoni, hakuwa Mwafrika wa Elgon, bali kinyozi wa mji wa Chattanooga, Marekani, aliyemnyoa miaka mingi nyuma, na sasa yuwamkaribia na chuma cha moto kumsokota nywele zake ziwe za kipilipili. Akaamka kwa hofu. Akafahamu kwamba nafsi yake ilikuwa ikijikinga na nchi aliyoijia, na kwamba swali lililomleta halikuwa Waafrika wanaota nini, bali Jung atakuwaje akiwekwa mbali na Ulaya. Hilo alilipata kwa sababu alikuwa na daftari la kuhesabia. Asiyeandika hawezi kujua kwamba ndoto zake zote zimeelekea upande mmoja.

Kalamu na kitanda

Elimu ya maabara ilikuja baadaye. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba usingizini upo wakati ambapo macho huchezacheza upesi chini ya kope. Walipowaamsha watu katika wakati huo mara 27, mara 20 walipewa habari za ndoto zilizo wazi. Walipowaamsha macho yakiwa yametulia mara 23, mara 19 hawakupata kitu. Wakati huo wa macho kucheza hurudi mara nne au tano kwa usiku, na hurefuka kadiri asubuhi inavyokaribia. Yatokana na hayo kwamba msemaji wa kauli ya "mimi siotagi" aghalabu huota kama wenziwe, ila huamka kwa pupa na ndoto ikamponyoka katika dakika chache.

Kwa hiyo kanuni za kuziandika ni chache na sahali, na zote zimo katika historia tuliyoipitia. Anayetaka kuikumbuka ndoto asikurupuke: alale vile vile alivyozindukana, hata ishike, kisha aandike kabla ya kuzungumza na mtu na kabla ya kushika simu. Aandike alichokiona na alivyojisikia, kwa maneno makavu, kama Livingstone alivyoandika habari za gome la mti. Atie tarehe na hali ya siku: kama ana homa, kama ana deni, kama amegombana na mkewe, kwa kuwa Ibn Sirin hakumfasiria ndoto mtu asiyemtazama uso. Asiifasiri papo hapo. Aache nafasi pembeni, arudi baada ya mwezi au mwaka, ndipo atakapoona ni nani arudiaye kila mara, ni nyumba gani, ni hofu ipi. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, ambaye usiku yumo ziwani na taa zake na ambaye hulala watu wakiwa sokoni, hana haja ya kungoja alfajiri ya wengine. Kwake adhuhuri ndiyo saa ya daftari.

Yapo mambo mawili ya kutahadhari. La kwanza ni kwamba adabu ya wazee juu ya nani wa kumhadithia ndoto ingali na maana, tena zaidi katika zama hizi ambapo siri ya mtu huzunguka mji mzima kabla hajanywa chai. La pili, mkoani Kigoma wamo watu maelfu waliokimbia vita vya Kongo na Burundi, wengi wao wakiwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, na wamo miongoni mwao ambao vita huwarudia kila wafumbapo macho. Mwenye jinamizi la namna hiyo asiambiwe kuwa daftari latosha. Huyo anahitaji tabibu na watu wa kukaa naye.

Waliokuwa hawana karatasi

Ukizihesabu njozi za njia ya Ujiji na za nchi jirani zilizomo katika vitabu, utaona ni za watu wenye karatasi. Burton anayo yake, Livingstone anayo yake, na Jung huko Elgon ana yake. Lakini njia ya Ujiji ilipitwa na maelfu ya wapagazi wenye pembe mabegani, na watumwa walioletwa kutoka ng'ambo ya ziwa wakauzwa Ujiji wasijue waendako; nao walilala usiku, na waliolala waliota. Alichokiota mpagazi wa Kinyamwezi usiku wa kuamkia kuvuka Malagarasi, au mama wa Manyema usiku wa kwanza upande huu wa maji, ni sehemu ya historia ya nchi hii iliyo sawa na bei ya pembe, na imetoweka kwa sababu aliyeiona hakuwa na kalamu na aliyekuwa na kalamu hakumwuliza.

Udhuru huo leo umeondoka. Daftari la shule hupatikana katika kila duka kuanzia Mwanga hadi Ujiji, na watoto wetu wanajua kuandika. Jambo hili halihitaji mganga, wala kitabu cha taabiri cha kununua, wala mtaalamu kutoka nje wa kuja kutukusanyia. Anayeanza na asitafute ndoto kubwa ya nyota na mwezi. Aandike ile ndogo ya jana, hata ikiwa ni ya kuchelewa meli tu, atie tarehe na hali yake ya siku ile, na kazi ya kusema ilikuwa na maana gani amwachie msomaji wa mwaka ujao, ambaye kwa kawaida atakuwa ni yeye mwenyewe, akiwa na akili iliyotulia zaidi na ushahidi mwingi zaidi wa kuhukumia.